Kofia ya Babu Pichani: Ni ya Mwaka Gani?

Wengi wetu tunayo ile picha ya babu alipokuwa kijana: kasimama wima studio, suti imenyooka, kofia ya pama kichwani. Nyuma yake hakuna tarehe. Watoto wakiuliza ilipigwa lini, tunakisia tu. Leo tuitazame kofia yenyewe, maana huenda ikatusaidia.

Kofia hiyo laini, yenye kichwa kilichobonyezwa na utepe uliozunguka, kwa Wazungu huitwa fedora. Jina lilitokana na tamthilia ya Mfaransa Victorien Sardou ya mwaka 1882, ambamo Sarah Bernhardt aliigiza binti wa kifalme aitwaye Fédora. Naam, jina ni la mwanamke, na mwanzoni wanawake waliipenda sana.

Miaka ya 1920 Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, alionekana mara nyingi na kofia laini za namna hii, na wanaume wengi wakamwiga. Miaka ya 1930 na 1940 ukingo ukapanuka, mara nyingi kufikia inchi 2 na nusu au zaidi, na kichwa kikawa kirefu. Mtazame Humphrey Bogart katika filamu ya Casablanca ya mwaka 1942: ukingo umeinamishwa mbele mpaka unatia kivuli machoni. Hata wahamiaji wa Karibi walioshuka Tilbury kutoka meli ya Empire Windrush mwezi Juni 1948, wengi wao walivaa kofia kama hizo. Mtu anayekwenda ugenini huvaa kilicho bora alichonacho, kama sisi tulivyofanya siku ya uwanja wa ndege.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 ukingo ulianza kupungua, pamoja na upana wa tai na kola za koti. Miaka ya 1960 ukingo wa chini ya inchi 2 ulikuwa jambo la kawaida. Kisha kofia zenyewe zikaanza kutoweka vichwani. Wengi humlaumu Rais John F. Kennedy, lakini siku ya kuapishwa kwake mwaka 1961 alikuja na kofia ndefu ya sherehe, na biashara ya kofia ilikuwa imeshaanza kudorora kabla yake. Magari yenye paa la chini na mitindo mipya ya nywele ilichangia pia. Fedora ilirudi kwa kishindo miaka ya 1980, kwa Indiana Jones mwaka 1981 na Michael Jackson mwaka 1983, lakini sasa ikiwa pambo, si vazi la kila siku.

Basi ukiishika picha, tazama ukingo, tai na kola kwa pamoja. Vyote vikiwa vipana, fikiria miaka ya 1940 au mapema ya 1950. Vyote vikiwa vyembamba, huenda ni karibu na 1960. Lakini tahadhari: kofia nzuri ilikuwa ghali, na mzee aliweza kuivaa miaka 20. Kwa hiyo kofia hukuambia picha haikupigwa kabla ya mwaka fulani. Haikuambii ilipigwa muda gani baadaye. Tena studio nyingi zilikuwa na koti na kofia za kuazima, kwa hiyo huenda ile pama haikuwa ya babu hata kidogo!

Ndiyo maana kofia pekee haitoshi. Kama bibi, shangazi au ami yupo bado, mpigie simu wiki hii, umtumie picha, umuulize: ni nani huyu, alikuwa anakwenda wapi, kofia ilikuwa ya nani? Andika majibu nyuma ya picha kwa penseli, na watoto wakiwepo wasikilize. Picha itabaki, lakini wanaozijua habari zake wanapungua kila mwaka.

Tukutane toleo lijalo, inshallah.