Sindano Moja kwa Juma, Si Zaidi



Mfanyakazi mmoja alinijia na vidole vilivyovimba, akasema: «Munganga, unipige hiyo sindano kila siku, nipone mbio.» Nilikataa, akakasirika. Si yeye peke yake anayefikiri hivi, ndiyo sababu naandika.

Ugonjwa wake si uchovu wa kubeba vyuma. Ni rumatizimu ile inayokakamaza mikono yote miwili asubuhi, saa nzima au zaidi, na mwisho inapinda mifupa. Mwili una mazamu wake wa kufukuza vijidudu. Katika ugonjwa huu mazamu wamegeuka, wanavunja mlango wa mwenye nyumba. Metotreksate inawatuliza. Dawa hii ilianza kutumiwa kwa kansa ya damu, na Marekani iliiruhusu rasmi kwa rumatizimu mwaka wa 1988, lakini kwa kipimo kidogo: miligramu 7,5 mpaka 25, MARA MOJA KWA JUMA. Anayeitumia kila siku, sindano ao vidonge, anapata vidonda kinywani, damu yake inapunguka, na anaweza kufa. Kosa hili limekwisha kuua watu katika nchi nyingi.

Sisi tunapenda sindano, tunafikiri kinachochoma ndicho chenye nguvu. Hapana. Ni dawa ile ile ya vidonge. Sindano inafaa hasa kwa mtu ambaye tumbo lake linakataa vidonge ao anayehitaji kipimo kikubwa. Na inafanya kazi polepole, juma 6 mpaka 12. Wengi wanaacha juma la tatu, wanakimbilia sokoni kununua prednisoloni, mashavu yanajaa, wanasema wamepona. Jambo hili linanichukiza. Prednisoloni ina kazi yake mkononi mwa daktari, lakini miezi na miezi bila daktari inadhoofisha mifupa na kupandisha sukari ya damu; na kuiacha kwa ghafla ni hatari tena.

Kwetu tunaovuta vumbi la mawe kuna neno zaidi. Mwaka wa 1953 daktari Caplan alieleza habari za wachimbaji wa makaa wa Wales wenye rumatizimu hii pamoja na madoa katika mapafu. Vumbi la silika linaongeza hatari ya viungo, na linafungulia kifua kikuu njia. Basi uombe radio ya kifua na kipimo cha damu kabla ya sindano ya kwanza, na damu ipimwe tena mara kwa mara. Ukipata homa, kikohozi ao pumzi fupi, usingoje siku ya sindano, uje siku ile ile.

Pombe inachoma ini pamoja na dawa hii. Bactrim, ambayo kila mtu ananunua kama pipi, inaweza kukuua ukiichanganya nayo: mwambie kila muuza dawa unachotumia. Mama mwenye mimba, ao anayetaka mimba, ao anayenyonyesha, asiiguse. Vidonge vya asidi ya foliki ni vya siku nyingine, si siku ya sindano.

Kwa maoni yangu mgonjwa asianze peke yake, bibi yake aitwe. Yule mtu alirudi na wake. Tulichagua Jumatano, na mama akaiandika kwa wino mwekundu kwenye kalendari nyuma ya mlango. Leo ni juma la tisa. Vidole vinauma bado asubuhi, lakini anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Juma lililopita aliniuliza tena kama tungeweza kuongeza Jumamosi. Mimi sikujibu; mama alikwisha kumjibu.