Mficha maradhi na kisu cha urembo



Wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja wa watoto watano, ambaye kwa kumsitiri hatutamtaja yeye wala mji wake. Ana kisukari, mwaka wa tisa sasa, na shinikizo la damu mwaka wa nne. Tumbo lake, anasema, halikurudi tangu uzazi wa mwisho. Katika harusi moja wifi yake alimuuliza mbele ya watu ana mimba ya miezi mingapi, na mumewe akacheka. Tangu siku hiyo amekuwa akiweka kando fedha za upatu, na sasa zimetosha kwenda ng'ambo kukatwa ngozi ya tumbo na kunyonywa mafuta. Wakala anayepanga safari amemwambia kuwa fomu ikiuliza maradhi ajaze "hakuna", kwa sababu wenye sukari hucheleweshwa. Naye anatuuliza: je, kujaza hivyo ni dhambi, iwapo hakuna anayedhurika?

Jibu letu ni kwamba anayedhurika yupo, naye ni yeye mwenyewe. Lakini mama aliyefikia hapo anastahili maelezo zaidi ya jibu la mstari mmoja.

Hatuanzi kwa kumlaumu. Uislamu haukuja kuchukia uzuri, na mke kupenda kupendeza mbele ya mumewe ni jambo lenye heshima. Wala dini haikufunga mlango wa kuurekebisha mwili ulioharibika. Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Alitengeneza pua ya fedha ikamletea uvundo, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru atengeneze ya dhahabu, ingawa dhahabu kwa asili imeharamishwa kwa wanaume. Kutoka hapo wanazuoni wametofautisha kati ya kuondoa dhara na kubadili maumbile kwa ajili ya kujipamba tu.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililijadili suala hili katika kikao chake cha mwaka 2007, kule Putrajaya, Malaysia. Liliruhusu kutibu kasoro za kuzaliwa na zile zinazotokana na ajali, kuungua au maradhi. Kuhusu kupunguza mafuta kwa upasuaji, liliruhusu pale uzito unapokuwa umefikia hali ya maradhi na hakuna njia nyingine, na kwa sharti la kuwapo usalama wa kutopata madhara. Tunamwomba dada yetu asimame kwenye sharti hilo la mwisho, kwa sababu ndipo barua yake ilipo. Huenda mwenzake mwenye afya kamili akalitimiza sharti hilo. Kwa hali yake yeye, ni nani atakayelithibitisha ikiwa daktari mwenyewe amefichwa?

Na tueleze kinachofichwa. Katika upasuaji wa kukaza tumbo, ngozi hukatwa chini ya kitovu na kuinuliwa hadi karibu na mbavu, na mishipa mingi iliyokuwa ikiilisha damu hukatwa pamoja nayo. Ngozi inayobaki huishi kwa mishipa michache iliyosalia. Kisukari cha muda mrefu huiharibu mishipa midogo ya namna hiyo, na sukari inapokuwa juu, chembe za damu zinazopigana na vijidudu hudhoofika. Ndipo mshono hukataa kufunga, kidonda huingia usaha, na wakati mwingine ngozi hufa ikabidi ikatwe tena. Kwa sababu hiyo miongozo ya Uingereza hushauri kwamba kabla ya upasuaji usio wa dharura, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu kiwe chini ya asilimia 8.5. Huko kucheleweshwa anakokuogopa dada yetu ndiko kunakomlinda.

Shinikizo la damu nalo huongeza hatari ya damu kuvuja chini ya ngozi, na hupanda na kushuka ghafla mgonjwa akiwa katika usingizi wa dawa. Kuna pia damu kuganda katika mishipa ya miguu na kusafiri hadi mapafuni, hatari inayoongezwa na unene, na safari ndefu ya ndege mara baada ya upasuaji. Hata dawa zina neno lake. Zipo zinazozuia damu kuganda. Sindano za sukari na kupunguza uzito kama semaglutide huchelewesha chakula kutoka tumboni, na chakula hicho kikirudi wakati wa usingizi kinaweza kuingia mapafuni. Mtoa usingizi hawezi kujikinga na dawa asiyoijua.

Wengi wataukumbuka msiba wa Donda West, mwalimu wa chuo kikuu wa Marekani na mama wa mwanamuziki Kanye West. Alifariki Novemba 2007, akiwa na miaka 58, siku moja baada ya upasuaji wa urembo. Uchunguzi wa serikali huko Los Angeles ulieleza kuwa alikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo, na kwamba maradhi hayo pamoja na mambo yaliyofuata upasuaji ndiyo yaliyomwua. Hakukosa fedha wala elimu. Hatumtaji kwa kumhukumu, bali ili tuzingatie kwamba moyo mgonjwa hauulizi kama upasuaji ulikuwa wa lazima au wa hiari.

Lipo pia tumaini moja ambalo dada yetu ameligusa kwa mbali, kwamba mafuta yakitoka huenda na sukari ikashuka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwafuatilia wanawake 15 wanene, saba kati yao wakiwa na kisukari, waliotolewa mafuta mengi ya tumbo kwa kunyonywa. Wiki kumi na zaidi baadaye, uzito ulikuwa umepungua, lakini sukari, shinikizo na mafuta ya damu havikubadilika kwa maana. Kunyonya mafuta hubadili umbo. Hakutibu maradhi.

Basi tunamshauri haya. Asijaze uongo katika fomu hiyo, na wakala aliyemfundisha uongo asimkabidhi mwili wake. Aanze kwa daktari anayemtibu kisukari, ampime sukari ya miezi mitatu, moyo na figo, na amwambie dawa zote anazotumia, pamoja na zile za mitishamba. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Aombe pia tumbo lichunguzwe: huenda misuli imeachana kwa sababu ya uzazi, jambo ambalo mazoezi maalumu huweza kulisaidia, au huenda ipo ngiri, ambayo kuitibu ni tiba na si urembo. Ikiwa baada ya hayo yote madaktari wataona upo usalama, amuulize mwanachuoni anayemwamini, na ajue kuwa upasuaji wa aina hii unafanyika hata hapa nchini, Mloganzila, ambako mgonjwa huweza kurudi kidonda kikisumbua. Na wakisema hapana, aipokee hapana hiyo kama rehema.

Neno letu la mwisho si kwake. Ni kwa mume aliyecheka. Ndugu yetu, tumbo hilo liliwabeba watoto wako watano. Mkeo amedunduliza fedha za upatu, akajiandaa kupanda ndege na kusema uongo juu ya maradhi yake, kwa sababu ya kicheko chako cha dakika moja. Neno lako moja la kumsitiri siku ile lingemtosha. Hata leo hujachelewa: mwambie unamtaka kama alivyo, kisha fuatana naye kliniki, na muwe mnatembea pamoja jioni baada ya Alasiri.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Tunamwomba Mwenyezi Mungu (s.w.) ampe dada yetu shifaa, na awape waume wetu ndimi za upole. Aamin.