Sigara ya Jumatatu ya Pasaka



Kila mwaka, Jumatano ya Majivu, wapo waamini katika parokia zetu wanaoahidi kuacha sigara kwa Kwaresima nzima. Na wapo wanaotimiza kweli kweli. Wanafunga, wanafuata Njia ya Msalaba kila Ijumaa, wanatafuna karanga mchana kutwa, na wanafika mkesha wa Pasaka bila kuvuta hata pafu moja. Halafu inakuja Jumatatu ya Pasaka. Kuna mbuzi, kuna kreti la bia chini ya mwembe, na kuna shemeji aliyekuja kutoka mjini na pakiti mfukoni. Jioni hiyo kila kitu kinarudi pale kilipokuwa.

Sisi tunaosoma falsafa tumezoeshwa kutafuta sababu ya mambo, na hapa ipo ya kutafutwa. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya kuvutwa, na nusu yake huwa imeondoka katika damu baada ya saa 2 hivi. Ndiyo maana mvutaji wa kila siku huamka na hamu kabla hata hajanawa uso. Akiacha, ile hali ambayo vijana wa mtaani wanaiita arosto, yaani hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu na akili isiyotulia mahali pamoja, huwa kali zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo. Baada ya hapo hupungua, na kwa wengi sehemu kubwa huwa imekwisha katika wiki 2 hadi 4. Sasa hesabu: toka Majivu hadi Pasaka ni siku 46, ukijumlisha na Jumapili. Basi yule anayewasha sigara chini ya mwembe hasukumwi tena na damu yake. Anasukumwa na nini?

Jibu letu ni kwamba anasukumwa na shemeji. Tusimlaumu sana shemeji. Yeye anakaribisha kwa alichonacho, kama ambavyo angekaribisha kwa soda. Tunachosema ni kwamba sigara ni jambo la watu wengi tangu mwanzo wake. Muulize mvutaji yeyote alianzaje, atakutajia mtu: kaka yake, rafiki wa bwenini, kondakta aliyempa kipisi, wazee waliokuwa wakikesha msibani kando ya moto. Sigara huombwa, hugawanywa, hupasiwa. Hata kile kiberiti cha gesi kwenye duka la mtaani kimefungwa kamba ili kila apitaye akitumie. Lakini mtu huyo huyo akitaka kuacha, tunamwambia maneno mawili: jikaze mwenyewe. Alianza akiwa na kundi, tunamtaka aache akiwa peke yake, halafu tunashangaa kundi linapomrudisha.

Tunaona huo si uungwana, na tunaona pia kuwa ni falsafa dhaifu. Aristotle, katika kitabu cha 7 cha maadili yake kwa Nicomachus, anamchambua mtu anayejua lililo jema na bado anatenda kinyume chake. Hampuuzi mtu huyo, wala hasemi kuwa hana akili. Darasani huwa tunaishia hapo, tunafanya mtihani, tunasahau. Ila ukifungua ukurasa unaofuata, vitabu viwili vizima, cha 8 na cha 9, vinahusu urafiki. Haki yenyewe ilipewa kitabu kimoja tu. Hatudai kwamba Aristotle alivipanga hivyo kwa ajili ya wavuta sigara, maana tumbaku Ulaya haikuwapo kabla ya safari za Columbus. Tunasema tu kwamba anayetaka kuelewa udhaifu wa utashi asifunge kitabu mapema. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapoorodhesha dawa za huzuni, anataja machozi, anataja huruma ya marafiki, na anataja hata usingizi na kuoga. Mtu aliye katika siku ya pili bila sigara angefaidika na vyote hivyo kuliko kusikia hotuba.

Kuna wanaoamini kwamba dawa ni kukaza amri. Kanisa limewahi kujaribu. Mwaka 1642 Papa Urbano VIII, kwa ajili ya jimbo la Seville huko Hispania, alitishia kuwatenga na Kanisa watakaotumia tumbaku makanisani. Mwaka 1650 Papa Inosenti X akaweka katazo kama hilo kwa Basilika la Mtakatifu Petro. Mwaka 1725 Papa Benedikto XIII akaliondoa hilo la Basilika. Amri ina kazi yake: Papa Fransisko alipoamua kwamba Vatikano iache kuuza sigara kuanzia mwaka 2018, alikataa faida itokanayo na kitu kinachoua, na tunampongeza kwa hilo. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbaku. Amri inaweza kufunga duka. Kumshika mkono mtu saa 3 na nusu usiku haiwezi.

Na hiyo saa 3 na nusu usiku ndiyo tunayotaka kuizungumzia, kwa sababu inatuhusu sisi wa seminarini. Tuseme wazi jambo ambalo husemwa pembeni tu: wapo mafrateri wanaovuta. Kanuni za nyumba nyingi za malezi zinakataza, na hatuandiki ili kuzipinga. Tunaandika kwa sababu ya kinachotokea baadaye. Frateri anayevuta na anataka kuacha hana wa kumwambia. Akimwambia mwenzake, anahofia maneno. Akimwambia mlezi, anahofia ripoti ya mwisho wa mwaka. Anabaki na baba wa kiroho, ambaye hutunza siri na hutoa ushauri mzuri, lakini huonana naye kwa miadi. Hamu ya sigara haina miadi. Inapanda ghafla, inadumu dakika chache, mara nyingi zisizozidi 5, kisha inashuka. Swali lote la kuacha ni nani yuko karibu katika dakika hizo, na jibu ni mtu wa chumba cha jirani.

Mwaka huu tumejaribu kitu kidogo, na wenzetu wameturuhusu tukiandike bila majina. Tupo watano. Wawili wanaacha; watatu hatujawahi kuvuta. Hatuna jina, hatuna katiba, hatuna mweka hazina, jambo ambalo katika seminari ni la ajabu. Tulikubaliana kwamba yeyote kati ya wawili hao anaweza kugonga mlango wowote wa watatu, saa yoyote isiyo ya kimya kikuu, na katika kimya kikuu anaweza kugonga mara moja tu na tutatoka bila kusema neno. Tunazunguka uwanja wa mpira. Tunakunywa maji au chai ya tangawizi. Tunapeana kitu cha kushika, maana vidole vilivyozoea sigara miaka 6 havijui pa kwenda; mmoja wao sasa anatembea na mswaki wa mti mfukoni mwa kanzu kama mzee wa pwani.

Sisi watatu tulilojifunza kwanza ni kunyamaza. Mwanafalsafa wa mwaka wa tatu ana hoja kwa kila kitu, lakini mtu mwenye arosto hahitaji hoja. Hoja zote anazo, na picha ya mapafu meusi ameiona. Tulijifunza pia kutouliza "umevuta?" Tunauliza "jioni ilikuwaje?" Swali la kwanza linamfanya mtu awe mtuhumiwa, na mtuhumiwa hudanganya. La pili linaleta habari: kwamba hamu inakuja zaidi baada ya chakula, au baada ya simu ya nyumbani yenye habari ya ada ya mdogo wake, au siku ya kazi za mikono ambapo vibarua wanavuta pembeni. Ukishajua saa yenyewe, unaweza kuwa pale kabla haijafika.

Mmoja wa wawili hao, wiki ya tatu, alitutangazia kwa furaha kwamba sigara imekwisha kabisa. Baadaye tukaona ameanza kunusa ugoro. Tulibishana sana. Yeye alisema moshi ndio unaoua. Moshi unaua kweli, ila ugoro nao una nikotini ile ile, na kamba iliyomfunga ilikuwa imebadilishwa nguzo tu. Ni hivyo pia kwa kuberi, kwa sigara za umeme wanazovuta vijana wa mjini, na kwa shisha, ambayo ina moshi na nikotini pamoja. Tunatofautisha na plasta au gundi ya kutafuna yenye nikotini ambayo daktari au mfamasia humpa mtu anayeacha: ile ni dawa, ina kipimo, hupunguzwa hatua kwa hatua, na ina siku ya mwisho. Kwa ugoro hakuna aliyewahi kumwandikia bibi yake siku ya mwisho. (Na bibi zetu wa ugoro, wale wa viti vya mbele kanisani, tunawapenda, hawa nao wanastahili kuulizwa jioni yao ilikuwaje.)

Wapo watakaosema vikundi vya namna hii ni vya walevi. Ni kweli vilianza huko. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith waligundua kwamba mlevi anayezungumza na mlevi mwenzake hukaa bila kunywa kuliko anayehubiriwa. Miaka minne baadaye Sista Ignatia, mtawa wa hospitali ya Kikatoliki ya mji huo, alianza kuwapokea wagonjwa wao wakati ambapo hospitali nyingi hazikutaka walevi. Kutoka hapo mamilioni wamepona. Lakini Bill Wilson mwenyewe alikufa mwaka 1971 kwa ugonjwa wa mapafu, baada ya kuvuta sigara sana kwa miaka mingi. Aliyewafundisha watu kusaidiana dhidi ya chupa aliuawa na kitu kilichokuwa juu ya meza ile ile waliyokalia. Kundi linaponya kile ambacho liko tayari kukitaja, sigara haikutajwa. Miaka ya 1980, huko California, wavutaji ndipo walipoanzisha vikundi vyao kwa mfano huo.

Na takwimu ziko upande wa vikundi. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha bila msaada wowote, ni 3 hadi 5 tu ambao baada ya miezi 6 hadi mwaka bado hawajarudi. Wanaosaidiwa kwa kikundi hufanya vizuri kuliko walioachiwa kijitabu cha maelekezo. Kwa hiyo aliyeshindwa peke yake hajaonyesha kwamba yeye ni mbovu kuliko wengine. Ameshindwa pale wengi wanaposhindwa.

Baadhi yetu tunatoka Urambo, Kaliua na Chunya. Tumbaku ilitulipia ada, na mabati ya vigango vyetu yana fedha ya tumbaku ndani yake. Hatuwezi kumgeuza mkulima kuwa adui, na suala la zao mbadala linahitaji makala yake.

Tuna maombi mawili. Kwa walezi wetu, kwa heshima yote: frateri anayesema mwenyewe kwamba anavuta na anataka kuacha, na ana wenzake wanaomsindikiza, asihesabiwe sawa na aliyefumaniwa. Hatuombi kanuni ilegezwe. Tunaomba ukweli usiwe na gharama kubwa kuliko uongo, kwa sababu padre aliyejifunza kuficha pakiti kwa miaka 8 amejifunza kuficha, na atakwenda nako parokiani.

Kwa parokia: tunazo jumuiya ndogo ndogo, ambapo majirani wanajuana, wanakutana kila wiki, na wanaweza kufikiana kwa miguu. Hospitali nyingi duniani zingetamani kuwa na mtandao huo. Tunajua pia umbea wa jumuiya, kwa hiyo hatupendekezi mtu asimame na kujitangaza baada ya rozari. Achague wawili au watatu anaowaamini. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alibebwa na wanne, na Marko anasema Yesu aliiona imani yao hao. Na ahadi yao isiishie Pasaka. Ianze Majivu, ivuke mpaka Pentekoste, kwa sababu Kwaresima kila mtu anafunga na mvutaji ana kampani. Ni katika zile siku 50 za sherehe, harusi na komunyo ya kwanza ndipo anaachwa peke yake na shemeji. Wawili hao wakae naye chini ya mwembe. Mmoja wao anaweza kuzungumza na shemeji mapema.

Katika wawili wa kikundi chetu, mmoja yuko wiki ya 11. Yule wa ugoro aliuacha, kisha akavuta sigara 2 siku alipopata habari ya msiba wa mjomba wake. Alikuja kutuambia asubuhi yake, kabla ya Laudes. Tulimuuliza usiku ulikuwaje. Jioni hiyo tulizunguka uwanja mara 9, na kesho yake tukaanza kuhesabu tena kutoka siku ya kwanza.