Mashine Inakumbuka, Promota Anasahau

Kuna uongo mmoja unaorudiwa kwenye matamasha yetu mpaka umekuwa kama sheria ya maumbile: kwamba makundi ya mwanzo husikika vibaya kwa sababu "mitambo bado haijakaa sawa". Unaujua. Kundi la kwanza linapanda saa kumi na mbili jioni. Sauti ya mwimbaji imezama chini ya drams, gitaa halisikiki, spika zinapiga mluzi, na jirani yako anakwambia uvumilie, wakija wakubwa mambo yatanyooka. Na kweli yananyooka. Saa nne usiku nyota anapanda, kila neno lake linasikika hadi kwa wauza mishikaki nje ya geti, nasi tunarudi nyumbani tukisema: yule anajua, wale bado.

Nakataa. Spika ni zilezile, nyaya ni zilezile, fundi ni yuleyule. Kilichobadilika kati ya saa kumi na mbili na saa nne ni nani anayehesabiwa kuwa mtu.

Nasoma shahada ya uzamili, na kwa miaka mitatu sasa sehemu ya nauli na kodi yangu inatoka kwenye kubeba nyaya na kukaa ubavuni mwa mafundi mitambo hapa Dar es Salaam. Nimeona mambo haya nikiwa nyuma ya mikisa, mahali ambapo mtazamaji hafiki. Kutoka hapo kisingizio cha mitambo hakina mashiko.

Zamani kilikuwa na ukweli kidogo. Kwenye mikisa ya analojia kila chaneli ilikuwa na vifundo vyake, kumi au zaidi, vya kuongeza nguvu ya maiki, besi, sauti kali, na kiasi kinachorudishwa kwa mwanamuziki kupitia monita. Zidisha kwa chaneli 24 upate mamia ya vifundo. Makundi yakiwa sita, fundi hakuwa na namna ya kukumbuka vyote isipokuwa kuandika kwenye karatasi au kupiga picha kwa simu, kisha kurudisha kimoja kimoja huku watu wanapiga kelele.

Ndiyo maana mafundi walijiwekea utaratibu mmoja wa busara: kujaribu sauti kwa kurudi nyuma. Atakayepanda mwisho anajaribiwa kwanza, na wa kufungua anajaribiwa mwisho, ili milango ikifunguliwa vifundo viwe bado pale alipoviacha yeye. Hata enzi ile ya karatasi, ufundi wenyewe ulimlinda mdogo.

Kisha ikaja mikisa ya dijitali. Yamaha walitoa M7CL mwaka 2005, na mwaka 2012 Behringer wakatoa X32, ambayo bei yake iliifikisha hadi makanisani na kwenye kumbi za harusi. Hiyo X32 ina njia 32 za kuingizia maiki na nafasi 100 za kuhifadhi mipangilio. Mpangilio mmoja ni picha kamili ya mikisa: kila chaneli imekaaje, inaitwaje, nani anasikia nini kwenye monita yake. Unajaribu sauti ya kundi, unahifadhi kwa jina lao, unaenda kwa linalofuata. Usiku ukifika unabonyeza jina, na vile vitelezi vyenye mota vinapanda na kushuka vyenyewe mpaka mahali vilipokuwa mchana. Nafasi 100, na tamasha lina makundi sita. Kwa nini basi kundi la kwanza bado linasikika kama redio iliyoangukia kisimani?

Kwa sababu mashine inakumbuka kile tu ilichofundishwa, na hakuna aliyetenga muda wa kuifundisha. Tamasha moja nililofanyia kazi lilikuwa na makundi sita. Kundi la kufungua lilikuwa la taarabu, vijana tisa: kanuni, udi, fidla mbili, akodiani, dumbaki na waimbaji watatu. Walifika saa sita mchana, wakakaa juu ya maboksi ya spika. Nyota alipangiwa saa saba. Alitokea saa kumi na moja akiwa na msafara wake, akajaribu sauti kwa dakika hamsini, akaondoka. Milango ikafunguliwa. Vijana wakaambiwa, "Nyie pandeni tu, tutarekebisha hapohapo."

Walipanda juu ya mpangilio wa nyota. Maiki ya kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, ilichomekwa kwenye chaneli iliyokuwa ya drams. Chaneli hiyo ilikuwa imewekewa kizuizi kinachofunga sauti ndogo na kufungua pigo kubwa tu, jambo zuri kabisa kwa drams. Kwa kanuni ni sumu. Mpigaji alipogusa nyuzi taratibu, kizuizi kilifunga. Alipochapa kwa nguvu, kilifungua nusu sekunde kisha kikafunga tena. Waimbaji nao hawakujisikia kwenye monita, wakapandisha sauti wakijitafuta, wakatoka kwenye ufunguo. Wimbo wa tatu watu walianza kuzomea. Dada mmoja karibu yangu alisema, "Hawa wangefanya mazoezi kwanza." Walikuwa wamefanya mazoezi miezi miwili.

Nimewahi kulisema jambo hili mbele ya mapromota. Majibu yao ni matatu.

La kwanza: hakuna muda. Tupige hesabu. Kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni ni saa sita. Mpe nyota saa moja na nusu, wape makundi matano nusu saa kila moja, jumla saa nne. Zimebaki mbili za kula wali na kungoja umeme urudi. Hata siku ambayo muda umekufa kweli, mpangilio unaweza kuandaliwa kabla. Kundi linatuma orodha ya ala zake kwa WhatsApp wiki moja mbele, na fundi anafungua programu ya mikisa kwenye kompyuta yake nyumbani, anataja chaneli, anagawa monita, anahifadhi. Jukwaani zinabaki dakika tano za kusikiliza kila maiki kwa hedifoni. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia nyota aliyechelewa kwamba saa alizopoteza ni zake mwenyewe.

La pili: watu wamelipa kumwona nyota. Wamelipa bango zima. Majina ya wadogo yaliwekwa pale ili tamasha lionekane nono. Ukilitumia jina la mtu kuuza tiketi, unadaiwa naye.

La tatu ndilo baya kuliko yote: basi wapige plebeki. Waje na flashi, wachomeke, wachezeshe midomo. Ila Sauti za Busara, tamasha la Zanzibar linalofanyika tangu 2004, limejijenga juu ya msimamo kwamba anayepanda jukwaani apige laivu. Pale Ngome Kongwe kundi linatoka, lingine linaingia, usiku hadi usiku, kwenye joto lilelile la pwani na umeme uleule. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani huku kwetu.

Nikiri upande wa pili: mashine si mchawi. Inakumbuka namba, haikumbuki ukumbi. Uwanja uliokuwa mtupu mchana, usiku una maelfu ya miili inayomeza sauti kali. Maiki iliyosogezwa shubiri moja si maiki ileile tena. Na fundi asipokinga kwanza baadhi ya vitu, akibonyeza mpangilio mpya anaweza kumzima mshereheshaji katikati ya sentensi. Lazima sikio lirudi kazini. Lakini hoja hii inawatetea wadogo zaidi ya inavyomtetea nyota. Yeye anakuja na fundi wake anayejua kila pumzi yake. Kundi la kufungua halina mtu. Sikio la fundi wa tamasha ndilo pekee walilonalo, na mara nyingi wakati huo fundi katumwa akapokee simu ya meneja wa nyota.

Hasara yake inazidi jioni moja iliyoharibika. Anayekuja na kompyuta na maiki mbili atasalimika hata fundi akisinzia. Nyaya zake ni chache. Anayekufa kwanza ni mwenye udi, mwenye zeze, mwenye ngoma saba za urefu tofauti, yaani muziki unaohitaji watu wengi na masikio mengi. Ikhwani Safaa walianza Unguja mwaka 1905, na taarabu ikapita vita, mapinduzi na kaseti. Itakuwa aibu ishindwe na uvivu wa kubonyeza "hifadhi". Lile kundi la vijana tisa siku hizi ni la watu wanne. Wana kinanda kimoja cha umeme kinachoiga fidla, kanuni na akodiani. Niliwauliza sababu. Walijibu, "Hiki angalau kinasikika."

Kwa hiyo msanii, kabla hujasaini, dai saa yako ya kujaribu sauti iandikwe kwenye mkataba, na uliza fundi ni nani. Fundi, usikubali kuhifadhi jina moja na kuwaacha watano. Promota, nyota akichelewa, kata muda wake. Na wewe mtazamaji, ukimsikia mwimbaji wa kwanza akizama, usimzomee yeye. Geuka nyuma, kwenye kile kibanda cha mikisa, na upaze sauti huko.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwenye mikisa za leo, haki hiyo inachukua nafasi moja kati ya mia.