Choo cha Nyuma ya Kanisa

Nyuma ya kanisa moja la zamani huku pembezoni mwa Temeke kipo choo cha shimo. Wazee husema kilichimbwa siku za Mtu ni Afya. Kampeni hiyo ya mwaka 1973 iliendeshwa kwa majuma kumi na mawili. Watu wazima wapatao 2,000,000 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakashika majembe. Choo kile ni kumbukumbu kama kengele ilivyo kumbukumbu.

Sasa mlango wake umeoza na sakafu ina ufa. Waamini wanachangia mnara. Choo, wanasema, kitafuata.

Sisi wauguzi hatukubaliani na mpango huo. Kliniki tunakutana na akina mama ambao Jumapili hawanywi hata chai, ili wasibanwe na mkojo Misani. Mkojo ukibanwa muda mrefu, vijidudu hupata nafasi ya kuzaliana kwenye kibofu. Kwa mjamzito ugonjwa huo huweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya miezi kutimia. Msichana aliye katika siku zake naye hubaki nyumbani, na watu humwita mvivu wa sala.

Watoto hawajibani, huenda kichakani. Na kichaka kipo karibu na kisima! Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, kilianzia Kinondoni kikasambaa karibu nchi nzima. Sote tunakumbuka.

Kama shimo halijajaa, mwiteni fundi apime ukuta wake, amwage sakafu mpya ya zege, aweke bomba la hewa lipite juu ya paa, lenye wavu mdomoni. Ndani pawe na giza kidogo: inzi hufuata mwanga wa bomba, wakanaswa na wavu. Kama limejaa, msilichimbue, maana mayai ya minyoo huishi udongoni miaka. Lifukieni, mpande mti, mchimbe jipya mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Mchanga wetu huku hupitisha maji haraka, kwa hiyo shimo lisifike yalipo maji. Na ndoo ya kunawia yenye bomba, pamoja na sabuni, si anasa.

Halmashauri ya walei ikutanapo kuhesabu michango ya mnara, tunaomba kikao kianzie huko nyuma ya kanisa, wajumbe wakiwa wamesimama mlangoni pa choo.