Kumbukumbu ya Utotoni Si Shahidi

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, jiulize: jambo la kwanza kabisa unalolikumbuka katika maisha yako ni lipi? Pengine ni mkeka wa bibi, pengine ni sauti ya mtu akilia chumba cha pili. Swali hili siku hizi huulizwa na washauri nasaha, kwa mtu aliyekwenda kutafuta msaada wa ndoa yake au wa huzuni isiyomtoka. Sina ugomvi na swali. Ugomvi wangu ni na yale ambayo baadhi yao huyafanya kwa jibu.

Namjua binti mmoja wa Tanga, mama wa watoto watatu, aliyekwenda kwa mshauri kwa sababu ya wasiwasi: mumewe akichelewa kidogo tu kurudi, yeye huona ameshaachwa. Akaulizwa kumbukumbu yake ya kwanza. Akasema: "Niko stesheni ya Tura, usiku. Gari la moshi linaondoka, na mama hayumo." Baba yake alikuwa mtu wa reli, na Tura, kwa asiyeijua, ni stesheni ndogo ya Reli ya Kati, mashariki ya Tabora, ndani ya misitu ya miombo. Mshauri akakata hukumu papo hapo: mama yako alikutupa, na mpaka umkabili hutapona.

Binti akaenda akamkabili mama yake, kwa maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Mama akalia, akasema aliteremka kununua asali tu, na gari halikusogea hata hatua moja. Khalati yake akaongeza la ajabu zaidi: safari ile binti alikuwa angali ananyonya! Aliyelia dirishani ni kaka yake, na kisa chake kilisimuliwa nyumbani miaka mingi.

Je, binti ni mwongo? La hasha. Aliyelifanya swali hili kuwa chombo cha tiba ni Alfred Adler, tabibu wa Vienna aliyezaliwa mwaka 1870. Naye mwenyewe alikumbuka kwamba, alipokuwa mtoto, njia yake ya shule ilipita makaburini, naye akajilazimisha kuyavuka mara nyingi mpaka hofu ikamtoka. Alipokuwa na umri wa miaka 35 alikutana na mtu waliyesoma naye, akaambiwa kwamba njia ile haikuwa na makaburi kamwe. Adler hakuitupa kumbukumbu yake. Alifundisha kwamba katika mambo maelfu ya utotoni mtu huhifadhi lile linalofanana na anavyoyaona maisha leo, liwe lilitokea au halikutokea. Basi mwenye chombo alikitumia kama kioo. Nani aliyewapa hawa ruhusa ya kukigeuza hati ya mashtaka?

Wala si jambo dogo. Mwaka 1995, huko Marekani, Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 kisa cha uongo kwamba walipokuwa wadogo walipotea dukani. Kiasi cha robo yao wakakikumbuka, wote au sehemu yake. Katika miaka ile ile wazazi wengi wa huko walifikishwa mahakamani kwa kumbukumbu zilizochimbuliwa ndani ya vyumba vya washauri, na baadaye nyingine zikaonekana hazina msingi. Sisi tuliofundishwa kuichunguza habari kabla hatujawadhuru watu, twawezaje kuipokea hukumu ya namna hii juu ya mama mzazi?

Nawasikia wazee wakisema, "Ndiyo maana hatutaki mambo ya nyumba yatoke nje." Hapana, wazee wangu, msinifanye wakili wenu. Wako watoto walioumizwa kweli, na kunyamazishwa kwao ni dhulma ya pili. Jambo likidaiwa, litafutiwe ushahidi: waliokuwapo waulizwe.

Lakini kwa binti huyu mshauri angeuliza jingine. Mtoto wa pale stesheni anafanya nini? Mimi nilimwuliza. Akafikiri sana, akasema: "Nimesimama tu. Siiti." Hapo ndipo palipokuwa na kazi! Mtu anayesimama bila kuita, akiamini hakuna atakayerudi, ndiye huyo huyo anayekaa kimya usiku akimngoja mumewe. Burton, Mwingereza aliyepita Tura na msafara wa pwani mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina lile ni "tua", yaani tua mzigo, kwani wapagazi walikuwa wametoka kulivuka pori la Mgunda Mkali. Binti alifika Tura yake akiwa na mzigo kichwani, na mshauri akamwambia amtwike mama yake.

Idi mbili zimepita. Wajukuu huletwa kwa bibi mpaka mlangoni, wakaingia na sahani ya halua, na mama yao hubaki barabarani akiwangoja.