Msalimie, Usimpige

Muhula uliopita mwenzangu wa chumbani alikufa kwa kiu akiwa na bunduki ya Mosin mgongoni na risasi ishirini mfukoni. Wahadhiri wangu wasishtuke: alikufa ndani ya DayZ, na dakika moja baadaye alikuwa ameamka tena ufukweni, mzima, hana kitu, akinilaumu mimi. Tangu siku hiyo tunabishana, na kwa kuwa chumbani yeye ana sauti kubwa kuniliko, nimeamua kubishana naye hapa.

Kwa wasioujua mchezo huo: ulianza mwaka 2012 kama nyongeza ya mchezo wa kivita wa ARMA 2, kazi ya Dean Hall, mwanajeshi wa New Zealand. Kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki ikauchukua, ikaanza kuuuza ungali mbichi Desemba 2013, na ikautangaza kuwa umekamilika Desemba 2018. Nchi yake inaitwa Chernarus. Haimo katika atlasi yoyote, ila milima na vijiji vyake vimenakiliwa kutoka kaskazini mwa Cheki. Ina kilomita za mraba 225, mazombi wengi, na wachezaji hai ambao katika seva za kawaida hawazidi 60. Hakuna ramani pembeni mwa kioo, hakuna mshale wa kukuonyesha njia, hakuna anayekupa kazi ya kufanya. Ukifa umepoteza kila ulichookota, hata kama ulikiokota kwa wiki nzima.

Mgeni akiingia humo, wakongwe humpa wosia mmoja: ukimwona mtu, mpige. Usiongee naye, usimngoje, mpige. Wosia huu hurudiwa kwa kiburi kana kwamba umetoka kwa wahenga. Mimi nasema ni ushauri mbovu, na wanaoutoa wameshasahau siku yao ya kwanza ilivyokuwa.

Hebu tazama mgeni huzaliwa na nini. Shati, suruali, viatu, tunda moja, kitambaa cha kufungia jeraha, na kijiti cha kutoa mwanga usiku. Basi. Huyu ndiye anayeambiwa apige! Apige kwa kitu gani, kwa tunda? Na akiipata bunduki, mara nyingi huipata tupu. Mwenzangu yule aliikuta Mosin yake kwanza, kisha akatumia saa nzima akizunguka nyumba za Kamyshovo kutafuta risasi zinazoingia humo. Alipita karibu na kisima mara mbili. Hakunywa, kwa sababu aliogopa kwamba kisimani kuna mtu anayemvizia.

Ukweli ni kwamba kinachomuua mgeni katika saa yake ya kwanza, kwa kiasi kikubwa, ni tumbo lake na ngozi yake. Wosia wa wakongwe hausemi lolote kuhusu hayo, kwa hiyo nitasema mimi. Bahari ya Chernarus iko kusini na mashariki. Ukiipa kisogo unaelekea bara, na huhitaji dira. Maji ya kisima chenye pampu ni salama. Maji ya bwawa na ya mto yana kipindupindu mpaka uyachemshe au uyatie dawa, hata yakiwa maangavu kiasi gani, jambo ambalo mtoto yeyote aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria hahitaji kufundishwa na Wacheki. Huna kisu? Tafuta mawe madogo, utachonga kisu cha jiwe. Ukiwa na kisu unachuna gome la mti, na gome pamoja na kijiti kifupi vinakupa chombo cha kupekechea moto. Moto ndio maisha: nguo zikilowa kwa mvua utapoteza joto, ukipoteza joto unachoma chakula chote ulichokula, kisha unaanza kukohoa, na kikohozi husikika. Kamua nguo zako. Ukimchinja kuku, nawa mikono kabla ya kugusa kitu kingine chochote cha kula. Na usile mpaka ukavimbiwa, kwa maana tumbo likijaa kupita kiasi utatapika vyote.

Kuna adhabu moja katika mchezo huu ninayoipenda, ingawa sijawahi kuipata. Anayekula nyama ya mtu hupatwa na ugonjwa kama ule wa kuru uliojulikana Papua New Guinea: hutetemeka na kucheka ovyo, na kicheko hicho hawezi kukizuia hata akiwa amejificha kichakani.

Narudi kwenye bunduki. Mlio mmoja wa Mosin katikati ya Chernogorsk ni kama ngoma ya harusi: kila zombi aliye karibu anakuja, na kila mchezaji aliye mbali anajua ulipo. Na aliyeuawa, kama ni mgeni mwenzako, ulichopata kwake ni tunda la pili. Umetumia risasi, umewaita wafu na walio hai, umebaki na tunda. Mtu anaweza kuita hesabu hiyo ujanja?

Mwenzangu hujibu hivi, na jibu lake lina uzito: "Wewe ulishasalitiwa." Ni kweli. Jirani na Berezino nilimpa mtu nusu ya samaki wangu, nikageuka kutia kuni, akanipiga shoka la kisogo. Nilikuwa nimetembea siku tatu za mchezo. Niliumia kweli; nilizima kompyuta nikaenda kula rolex peke yangu barabarani. Sikatai kwamba Chernarus ina watu wa namna ile, na wako wanaopanda ufukweni kwa makusudi kuwinda wageni kwa ajili ya kicheko tu.

Lakini sikiliza nilichojifunza kwenye lile shoka. Kosa langu lilikuwa kumwamini mtu nikiwa nimebeba vingi, halafu nikampa kisogo. Siku ya kwanza, nikiwa na shati na tunda, kuamini kungenigharimu nini? Dakika kumi na tano, na ufukwe uleule. Faida yake ni kubwa mno kulinganisha na bei hiyo. Ukizimia kwa kupoteza damu huwezi kujifunga bendeji mwenyewe; mtu wa pili anaweza. Mtu wa pili anaweza kukutilia damu mwilini, kama anajua kundi lako la damu, kwa maana damu isiyolingana inaua humo kama inavyoua hospitalini. Anaweza kukesha mlangoni wakati unapekua nyumba. Basi tahadhari na iongezeke kadiri mkoba unavyojaa. Mgeni anayejificha kwa woga wa tajiri analinda hazina ambayo hana.

Ndiyo maana nasema kifaa cha kwanza cha mgeni ni maikrofoni. DayZ inampa kila mchezaji sauti inayosikika na walio karibu naye tu, kama ilivyo sauti ya mtu barabarani. Jifiche nyuma ya ukuta, sema wewe ni nani na unatafuta nini, nyoosha mikono. Ongea kabla hajakuona, maana mtu akishtuka hupiga.

Hapa naomba niwageukie wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, hasa wa Uganda, kwa sababu jambo hili linatugusa kuliko wengine. Kwetu lugha hii ilikuja na amri. Ilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na wazee wengi wa kusini waliisikia miaka ya Idi Amin pamoja na sauti ya buti. Jajja yangu, mama mzaa mama, mpaka leo akisikia mtu anaongea Kiswahili nje usiku huzima taa. Kikawa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, na bado nilipomwambia Jajja ninachosomea alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza kama nitakuwa askari.

Sasa njoo usikie wachezaji wa hosteli yetu. Wanazungumza Kiganda, Kiingereza, Runyankore, wanataniana vizuri tu. Anapotokea mgeni kwenye kioo, ghafla wote wanakuwa Waswahili: "Mikono juu! Lala chini! Toa kila kitu!" Lugha wanayoikwepa darasani wanaifufua kwa kazi ileile aliyoiogopa Jajja. Nimewaambia, wakacheka.

Mimi nilisikia kingine. Usiku mmoja, kwenye seva ya Ulaya, tulikuwa wawili bandani, tuna njaa, tunabishana kwa Kiswahili kama tutoke au tungoje. Ghafla nje ikasikika sauti ya mtu mzima: "Musipige! Muko wapi? Mukuye hapa." Alikuwa mtu wa Bukavu anayeishi Ubelgiji. Alikuwa na bunduki nzuri, na angeweza kutumaliza sote kupitia dirishani. Alitupa kuku wa kuchoma, akatuonyesha kisima, akatuuliza kama mvua imeanza Kampala. Tulitembea naye mpaka alfajiri ya kwao.

Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba mchezo wa bunduki hauwezi kufundisha chochote ila kuua. Nilimheshimu nikanyamaza, lakini sikubali. Mchezo wenyewe una kisima, ndoana, bendeji, moto na sauti. Kuua kwanza ni mtaala ulioandikwa na wachezaji, nao wanaweza kuufuta.

Mwenzangu wa chumbani, naye, amekubali kujaribu. Ijumaa iliyopita nilimwona kwenye kioo akinyemelea kisima, akasimama nyuma ya ukuta, akakohoa, akabonyeza kitufe na kusema kwa Kiingereza cha woga kwamba yeye ni mtu mwema. Yule wa kisimani alimpiga palepale. Akanigeukia bila kusema neno. Nikamwuliza alikuwa na nini mkobani.

"Tunda," akasema. "Na kopo la maharagwe, sina hata cha kulifungulia."

Nilipotoka bafuni alikuwa amekaribia tena kisima kilekile, na safari hii aliyekuwa hapo alikuwa akimjibu.